Kuandaa Kompyuta Ndogo ya Linux Iendeshe Vifaa vya Kupiga Picha za Anga: Mwongozo Kamili

Anayepiga picha za nebula na galaksi ana vifaa vinne au vitano vinavyopaswa kuafikiana usiku kucha: maunti, yaani kitako chenye mota kinachoizungusha darubini kufuata mwendo wa nyota, kamera kuu, kamera ndogo ya kuongozea, inayotazama nyota ili makosa ya maunti yasahihishwe, mota ya fokasi, na mara nyingi gurudumu la vichujio. Kila kimoja kina kebo yake na lugha yake. Kompyuta ndogo inayofungwa juu ya maunti au kwenye mguu wa darubini huviunganisha vyote mahali pamoja, na kebo ndefu zinazokwazana gizani hubaki moja tu, ya umeme.

Mwongozo huu umejengwa juu ya msimamo mmoja: kompyuta hiyo iweze kuumaliza usiku peke yake. Programu zote za kupiga picha, kuongoza na kuhifadhi zikae ndani yake, na laptopu au tableti iwe dirisha la kutazamia tu. Waifai ikikatika saa nane usiku, kazi isisimame. Maamuzi mengi yanayofuata, kuanzia aina ya diski hadi namna ya kuonyesha skrini, yanatokana na sharti hilo.

Kuchagua kompyuta na umeme wake

Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bodi moja, ya toleo la 4 au la 5 yenye kumbukumbu ya GB 4 inatosha, na GB 8 hutoa nafasi zaidi. Kompyuta ndogo ya mezani yenye prosesa ya Intel au AMD hufaa pia, nayo hutambua nyota katika picha kwa haraka zaidi, ila hula umeme mwingi zaidi. Hatua nyingi zilizo hapa chini zinaihusu pia. Zile za Raspberry Pi pekee zimetajwa hivyo.

Usihifadhi picha kwenye kadi ya microSD. Kamera yenye pikseli 6248 kwa 4176 hutoa faili ya FITS, aina ya faili inayotumika kwa picha za anga, ya takriban MB 52, kwa sababu kila pikseli huchukua baiti mbili. Ukipiga picha za sekunde 180 kwa saa nane, utakuwa na picha 160 na zaidi ya GB 8 za data kwa usiku mmoja. Kadi huandika polepole na huchakaa. Tumia diski ya SSD iliyounganishwa kwenye poti ya USB 3, na ikiwezekana mfumo wote ukae humo.

Umeme ndio chanzo cha hitilafu nyingi ambazo watu huzisingizia programu. Raspberry Pi 4 inahitaji volti 5 na ampea 3. Raspberry Pi 5 inahitaji volti 5 na ampea 5, nayo ina tabia ya kufahamu: isipopata uthibitisho kutoka kwenye adapta kwamba ampea 5 zipo, huzibania poti zote za USB kwa pamoja zisipite miliampea 600. Kiwango hicho hakitoshi kamera mbili na mota ya fokasi. Wengi huwasha vifaa vyao kwa betri ya volti 12 kupitia kibadilishi cha kushusha volti hadi 5, na vibadilishi vya aina hiyo kwa kawaida havina uwezo wa kutoa uthibitisho huo. Ikiwa una hakika kuwa kibadilishi chako kinatoa ampea 5 kweli, ongeza mstari huu kwenye faili ya /boot/firmware/config.txt:

usb_max_current_enable=1

Waya kati ya kibadilishi na kompyuta uwe mfupi na mnene, kwa kuwa waya mwembamba hupoteza volti njiani. Baada ya kuwasha kila kitu, uliza mfumo kama umewahi kukosa umeme:

sudo dmesg | grep -i voltage

Likitokea onyo la upungufu wa volti, lirekebishe kabla ya kuendelea. Hakuna mpangilio wa programu utakaoiokoa kamera inayozimika kila mara mota zinapovuta umeme. Kwa sababu hiyo hiyo, vipasha joto vya kuzuia umande na kipoozeo cha kamera vipate umeme moja kwa moja kutoka volti 12, visipitie kwenye kompyuta kamwe.

Kusakinisha mfumo

Chagua Ubuntu 24.04 ya biti 64, toleo la Desktop. Sababu ni moja tu: watunzaji wa INDI, mfumo utakaokuwa moyo wa kazi hii, hutoa vifurushi vyao vipya kwa ajili ya Ubuntu, ilhali kwenye mifumo mingine mara nyingi utapata matoleo ya nyuma au utalazimika kuzijenga programu mwenyewe. Andika mfumo kwenye diski kwa kutumia programu ya Raspberry Pi Imager, unganisha skrini na kibodi kwa siku hii ya kwanza, kisha weka jina la mtumiaji, nenosiri na ukanda wa saa. Baada ya hapo sasisha mfumo na uweke njia ya kuingia kwa mbali:

sudo apt update
sudo apt full-upgrade
sudo apt install openssh-server

Zuia kompyuta isilale. Mfumo wa mezani hudhani kuwa kompyuta isiyoguswa kwa muda haina kazi, na kwetu dhana hiyo ni hatari:

sudo systemctl mask sleep.target suspend.target hibernate.target hybrid-sleep.target

Zima pia usasishaji wa moja kwa moja. Sasisha kwa hiari yako, mchana, wakati ambapo hutarajii anga safi usiku huo, ili upate muda wa kujaribu kila kifaa upya:

sudo systemctl disable --now unattended-upgrades

Kusakinisha INDI na KStars

INDI ni itifaki iliyobuniwa na Elwood Downey. Seva yake huzungumza na vifaa kupitia draiva, moja kwa kila kifaa, na programu yoyote inayoijua itifaki hiyo inaweza kuviamuru kupitia poti 7624 ya mtandao. KStars ni ramani ya anga, na ndani yake mna Ekos, chumba cha usimamizi ambacho hupiga picha, husawazisha fokasi, hutambua mahali darubini inapoelekea na kuongoza maunti. Vyote viwili ni huria na havina malipo.

sudo add-apt-repository ppa:mutlaqja/ppa
sudo apt update
sudo apt install indi-full kstars-bleeding gsc

Kifurushi cha indi-full huleta draiva za karibu kila kifaa kinachotumika na Linux, na gsc ni orodha ya nyota itakayotumika katika majaribio ya mezani. Usitishwe na jina la kstars-bleeding. Hilo ndilo jina la toleo la kawaida katika hifadhi hiyo.

Kabla ya kugusa kifaa chochote halisi, jaribu vifaa vya kuigiza:

indiserver -v indi_simulator_telescope indi_simulator_ccd indi_simulator_focus

Fungua teminali nyingine na uandike indi_getprop. Ukiona orodha ndefu ya sifa za vifaa hivyo, seva inafanya kazi. Isimamishe kwa Ctrl na C. Kisha fungua KStars, weka latitudo na longitudo yako, ingia Ekos, tengeneza wasifu wenye darubini ya kuigiza na kamera ya kuigiza, na upige picha. Kamera ya kuigiza itachora nyota halisi za sehemu ya anga ambayo darubini ya kuigiza imeelekea. Kaa na hatua hii jioni nzima ikibidi. Kila kitufe utakachokizoea mezani ni kitufe ambacho hutakitafuta gizani.

Ruhusa na majina ya vifaa

Maunti nyingi na mota za fokasi huunganishwa kwa kebo ya USB inayoigiza poti ya zamani ya mfululizo. Mtumiaji wa kawaida hana ruhusa ya kuifungua poti hiyo mpaka aingizwe katika kundi lake, kisha atoke na kuingia tena katika mfumo:

sudo usermod -aG dialout $USER

Zipo programu mbili za Ubuntu zinazoingilia poti hizi. Ya kwanza ni brltty, inayowasaidia wasioona kutumia vifaa vya nukta nundu. Chipu ya CH340, iliyomo katika vifaa vingi vya bei nafuu, inaweza kudhaniwa kuwa kifaa cha namna hiyo, na poti yake ikatoweka sekunde chache baada ya kuonekana. Ya pili ni ModemManager, inayopeleka amri za kujaribu modemu kwenye kila poti mpya. Ikiwa huzihitaji, ziondoe:

sudo apt remove brltty modemmanager

Sasa linakuja jambo linalowachosha wengi. Linux hutoa majina kama /dev/ttyUSB0 na /dev/ttyUSB1 kwa kufuata mpangilio ambao vifaa vilionekana. Leo maunti ni ya kwanza, kesho ni mota ya fokasi, na draiva ya maunti ikaanza kuzungumza na kifaa kisicho chake. Tumia majina ya kudumu. Chomeka kifaa kimoja, kisha andika:

ls -l /dev/serial/by-id/

Jina refu utakaloliona halibadiliki, na ndilo la kuandika katika mipangilio ya poti ya draiva. Vifaa viwili vya CH340 vinaweza kukosa nambari ya pekee, navyo vikagombania jina moja; hapo tumia folda ya /dev/serial/by-path/, ambayo hutambua tundu la USB badala ya kifaa. Ukichagua njia hiyo, weka alama kwenye matundu na usizihamishe kebo.

Kamera za picha za kawaida zina tatizo lao: mfumo wa mezani huzishika mara tu zinapochomekwa ili uonyeshe picha zilizomo, na draiva ya INDI hukuta mlango umeshafungwa. Zuia huduma hiyo:

systemctl --user mask gvfs-gphoto2-volume-monitor.service

Kamera za anga zenye pikseli nyingi huhitaji nafasi kubwa ya USB katika kumbukumbu, na kiwango cha kuanzia cha Linux ni MB 16 tu. Angalia kilichopo sasa:

cat /sys/module/usbcore/parameters/usbfs_memory_mb

Draiva nyingine hukiongeza zenyewe. Kikiwa bado 16, kwenye Raspberry Pi fungua /boot/firmware/cmdline.txt na uongeze usbcore.usbfs_memory_mb=256 mwishoni mwa mstari uliopo, bila kuanza mstari mpya, kisha uiwashe kompyuta upya. Picha zinazokuja nusu au kukwama katikati mara nyingi hutokana na upungufu huu.

Skrini isiyohitaji skrini

Kompyuta iliyo uwanjani haina skrini, na programu nyingi za kuonyesha skrini kwa mbali hutatizika pasipo skrini halisi. Njia imara ni kutengeneza skrini ya kufikirika inayoishi ndani ya kompyuta, ambayo unaweza kuitazama, kuiacha na kuirudia bila KStars kujua kuwa uliondoka:

sudo apt install xfce4 dbus-x11 tigervnc-standalone-server tigervnc-tools
vncpasswd

Katika faili ya /etc/tigervnc/vncserver-config-defaults weka mistari hii:

$session = "xfce";
$geometry = "1600x900";
$localhost = "no";

Katika /etc/tigervnc/vncserver.users andika :1=jina, ukiweka jina lako la mtumiaji mahali pa neno la mwisho. Kisha iamuru ianze kila kompyuta inapowaka, na uuzime mfumo wa mezani wa kawaida ili kumbukumbu yote ibaki kwa kazi:

sudo systemctl enable tigervncserver@:1
sudo systemctl set-default multi-user.target

Kuanzia sasa utaingia kupitia poti 5901 kwa programu yoyote ya VNC, yaani ya kutazama skrini kwa mbali. Mpangilio huu unafaa kwenye mtandao wako mwenyewe tu. Usiufungue kwenye intaneti.

Mtandao wa uwanjani

Nyumbani tumia kebo ya mtandao kila inapowezekana. Uwanjani, acha kompyuta itengeneze waifai yake yenyewe. Toa amri hii ukiwa umeunganishwa kwa kebo, kwani waifai unayoitumia itakatika papo hapo:

sudo nmcli device wifi hotspot ifname wlan0 con-name Uwanjani ssid Darubini band a password NenosiriRefuLako
sudo nmcli connection modify Uwanjani connection.autoconnect yes

Kompyuta itapatikana kwenye anwani 10.42.0.1. Herufi a baada ya neno band huchagua masafa ya gigahezi 5, na uchaguzi huo una sababu: vifaa na kebo za USB 3 hutoa kelele ya redio kuzunguka gigahezi 2.4, kiasi cha kuidhoofisha waifai ya masafa hayo iliyo karibu nayo. Mtu huhangaika na antena kumbe mkosaji ni kebo ya SSD. Masafa ya gigahezi 5 hayafiki mbali sana, lakini kutoka kwenye darubini hadi kwenye kiti chako yanatosha.

Saa sahihi

Raspberry Pi 4 haina saa inayoendelea ikiwa imezimwa, na Raspberry Pi 5 inayo lakini inahitaji betri yake ndogo. Bila intaneti, kompyuta inaweza kuamka ikidhani ni juma lililopita. Anga huonekana kuzunguka digrii 15 kwa saa, kwa hiyo saa iliyokosea kwa dakika moja huipeleka darubini robo digrii pembeni, na iliyokosea kwa saa nzima inaweza kuifanya maunti iamini kuwa nyota iko upande wa pili wa meridiani, yaani mstari wa anga unaotoka kaskazini hadi kusini ukipita juu ya kichwa. Kipokezi cha GPS cha USB pamoja na vifurushi vya gpsd na chrony ndilo suluhisho la kudumu. Usipokuwa nacho, weka saa kwa mkono kila uanzapo:

sudo timedatectl set-ntp false
sudo timedatectl set-time "2025-06-20 19:30:00"

Kisha, katika mipangilio ya KStars, hakikisha saa na mahali vinatoka KStars kwenda kwenye maunti. Chanzo kiwe kimoja.

Kutambua mahali darubini inapoelekea

Ekos hupiga picha fupi, huzilinganisha nyota zake na orodha, na kujua kwa usahihi mkubwa darubini imeelekea wapi. Ili ifanye hivyo pasipo intaneti, faili za orodha lazima ziwe ndani ya diski. Kwanza tafuta kipimo cha picha yako: gawanya ukubwa wa pikseli kwa mikroni kwa urefu wa fokasi kwa milimita, kisha zidisha kwa 206.265. Pikseli za mikroni 3.76 kwenye darubini ya milimita 400 hutoa sekunde za tao 1.94 kwa pikseli (sekunde ya tao ni sehemu moja ya 3600 ya digrii), na kwa kamera iliyotajwa mwanzoni uwanja wa picha unakuwa takriban digrii 3.4 kwa 2.2.

Andika urefu wa fokasi na vipimo vya kamera kwa usahihi katika Ekos, ufungue orodha ya faili za utambuzi katika moduli ya Align, na utaona zile zinazohitajika kwa uwanja wako zimewekewa alama. Zipakue zote ukiwa na intaneti ya kutosha. Faili za nyanja ndogo ni nzito sana; mwenye darubini fupi hana haja nazo.

Usiku wa kwanza

Tengeneza wasifu mpya wa Ekos wenye vifaa vyako halisi, ukichagua hali ya ndani ya kompyuta hiyo hiyo, ili Ekos ianzishe seva ya INDI yenyewe. Ongeza kifaa kimoja kwa wakati mmoja, mchana, na usikubali kuendelea mpaka kimeunganika na kutii. Hifadhi mipangilio ya kila draiva kwa kitufe chake cha kuhifadhi, la sivyo jina la poti litapotea kesho.

Giza likiingia, fuata mpangilio huu. Anza na fokasi, kwa sababu picha isiyo na nyota kali haitambuliki. Tambua mahali kwa picha ya sekunde chache. Kisha linganisha maunti na ncha ya anga, nukta ambayo anga huonekana kuizunguka: Ekos hupiga picha tatu huku ikiizungusha maunti, hukokotoa kosa, na kukuonyesha skrubu zisogezwe kuelekea wapi. Kwa mtu aliye karibu na ikweta, ambaye ncha ya anga iko kwenye upeo wa macho au chini ya miti, hiki ndicho kipengele cha thamani kuliko vyote, maana picha hizo zinaweza kupigwa sehemu yoyote ya anga iliyo wazi.

Uongozaji unafuata. Fanya urekebishaji wake karibu na ikweta ya anga na meridiani, ambako mwendo wa nyota unaonekana kwa ukubwa wake kamili, na acha kamera ya kuongozea ipige picha za sekunde mbili au tatu. Kosa la jumla likiwa dogo kuliko kipimo cha pikseli yako, 1.94 katika mfano wetu, nyota zitabaki za mviringo. Usilifukuzie zaidi ya hapo usiku wa kwanza. Waliozoea PHD2, programu nyingine ya kuongoza, wanaweza kuitumia pamoja na Ekos, ila kiongozi cha ndani kinatosha kuanzia, na ni programu moja pungufu ya kuangalia.

Panga mfululizo mfupi wa picha kumi, ukielekeza faili zihifadhiwe kwenye SSD. Zikianza kuingia, funga dirisha la VNC, zima laptopu, na urudi baada ya nusu saa. Ukikuta mfululizo umekamilika bila wewe, kompyuta imetimiza sharti lake.

Kufunga kazi

Iamuru maunti irudi mahali pake pa kuegesha, acha kamera iliyopozwa ipate joto polepole, kisha, ukiwa kwenye laptopu, nakili picha kwa amri inayoweza kuendelea ilipokatikia:

rsync -av --partial jina@10.42.0.1:Picha/ ~/Picha-za-anga/

Zima kompyuta kwa sudo poweroff na usubiri taa yake ya kazi itulie ndipo ukate umeme. Kukata ghafla kunaweza kuharibu faili za mfumo. Na vifaa vyote vikishatii, weka nakala ya mipangilio kwenye kompyuta nyingine, kwa kuwa humo ndimo yalimo majina ya poti, wasifu na vipimo vyote ulivyovitafuta:

tar czf mipangilio.tar.gz ~/.indi ~/.config/kstarsrc ~/.local/share/kstars

Rudia amri hiyo kila unapobadilisha kifaa, na uipe faili tarehe ya siku hiyo katika jina lake.